Kidonge cha ayodini yenye mionzi: mwongozo kamili wa kujiandaa ili usirudishwe mlangoni

"Nimerudishwa."

Ndivyo unavyoanza ujumbe mwingi ninaopokea tangu nianze kuandika juu ya goita yangu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Mtu amesafiri usiku kucha kwa basi, amefika kitengo cha tiba ya nyuklia asubuhi na mapema, ameulizwa maswali matatu, kisha ameambiwa arudi nyumbani hadi apangiwe tarehe nyingine. Mmoja alikuwa amepigwa kipimo cha CT mwezi huo huo. Mwingine alikuwa bado anameza dawa aliyotakiwa kuiacha. Wa tatu alifika na mtoto mgongoni, na mtoto ananyonya.

Siwacheki, maana na mimi nilirudishwa. Siku 20 kabla ya miadi yangu nilikwenda hospitali nyingine kwa maumivu ya kiuno, nikachomwa ile sindano ya rangi ya CT. Hakuna aliyeniuliza kama nina miadi ya ayodini, nami sikujua kwamba ni jambo la kusema. Nilipoteza miezi miwili.

Hapa chini ni hatua zote, kuanzia jikoni hadi chooni. Karatasi utakayopewa na kituo chako ikipingana nami, shika karatasi.

## Mahitaji: viweke tayari kabla ya kitu kingine

- Kalenda ya ukutani na kalamu. Utahesabu siku kurudi nyuma.
- Orodha ya dawa zote unazotumia: za hospitali, za duka la dawa, za asili, vitamini, hata dawa ya kikohozi. Piga picha makopo yenyewe.
- Majibu ya vipimo: TSH na T4 huru (vipimo vya damu: T4 ni homoni ya tezi, TSH ni homoni inayoiamrisha tezi), ultrasaundi au skani ya shingo. Kama ni saratani, ongeza ripoti ya upasuaji na ya maabara iliyochunguza kipande cha tezi.
- Kibali cha bima au uthibitisho wa malipo, kimeandikwa.
- Chumba au angalau kitanda cha kulala peke yako, na chandarua chako.
- Ndugu wa kukaa na watoto wadogo.
- Sahani, kikombe, kijiko, taulo, shuka mbili na beseni vya kwako peke yako.
- Ndoo mbili: moja ya maji ya choo, moja yenye kifuniko ya taka.
- Limau, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, bizari, nazi ya kukuna. Utapika bila chumvi.
- Namba ya simu ya kitengo. Hakikisha inapokelewa, ipigie kabla.

## Hatua ya 1: Jua kama unakwenda kupigwa picha au kutibiwa

Hili huchanganya wengi, kwa sababu yote mawili hufanyika katika kitengo kimoja, iwe hospitali ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi au Mulago jijini Kampala, na yote mawili huitwa "mionzi".

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini ya koromeo. Kazi yake ni kukusanya ayodini kutoka kwenye damu na kuitengenezea homoni. Haijui kutofautisha ayodini ya chumvi na ayodini yenye mionzi. Hunyaka yoyote inayopita. Ujanja wote wa tiba uko hapo.

Kwa picha, kwa kawaida utachomwa teknesiamu-99m, dawa yenye mionzi, kwenye mshipa. Nguvu yake hupungua nusu kila saa 6, kwa hiyo kesho yake imebaki kidogo sana. Mashine inasoma mionzi inayotoka shingoni na kuonyesha kama tezi nzima inafanya kazi kupita kiasi au ni uvimbe mmoja tu.

Kwa tiba, utameza ayodini-131, kidonge au maji yasiyo na rangi. Hii hupungua nusu kila siku 8. Inatoa mionzi ya aina mbili. Beta husafiri takriban milimita moja au chini ya hapo ndani ya nyama, ikaua seli za tezi na kuishia hapo hapo. Gama hupenya na kutoka nje ya mwili. Beta ndiyo inayokutibu. Gama ndiyo inayokutenganisha na wanao kwa muda.

Uliza pia dozi yako. Kwa goita inayozalisha homoni nyingi, kama ugonjwa wa Graves, kawaida ni milikyuri (kizio cha kupimia mionzi) 10 hadi 15. Kwa saratani ya thairoidi, baada ya tezi kuondolewa, huanzia 30 na hufika 100 au zaidi. Mwenye dozi ndogo kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mwenye dozi kubwa hulazwa chumba cha peke yake, mara nyingi siku 1 hadi 3. Ukimwiga jirani aliyetibiwa ugonjwa mwingine, utakosea karibu kila kitu.

Hatua imekaa sawa ukiweza kujibu bila kusita: natibiwa nini, dozi gani, nalazwa au silazwi.

## Hatua ya 2: Hesabu siku kurudi nyuma

Fikiria tezi kama mgeni unayetaka ale chakula ulichomwandalia. Akifika ameshiba, sahani yako itarudi kama ilivyokwenda. Ayodini ya kawaida ikijaa mwilini, tezi haina hamu na ile yenye mionzi, nayo itatoka na mkojo. Umelipa, umejitenga, hujapona.

Zungushia tarehe ya kidonge kwenye kalenda, kisha rudi nyuma hivi.

Miezi kadhaa kabla: amiodaroni. Ni dawa ya mapigo ya moyo, na imejaa ayodini inayokaa mwilini muda mrefu mno. Mwambie daktari. Usiiache mwenyewe, moyo si wa kuchezea.

Wiki 6 hadi 8 kabla: sindano ya rangi ya CT. Ile rangi ni ayodini nyingi kuliko unayokula kwa miezi. Daktari yeyote akitaka kukupiga CT kipindi hiki, mwambie: "Nina miadi ya ayodini tarehe fulani." Kama CT ni ya dharura, ipigwe, maisha kwanza, miadi itasogezwa. Kipimo bila sindano ya rangi hakina shida, wala eksirei ya kawaida, wala ultrasaundi.

Wiki 6 kabla: kuacha kunyonyesha. Nitalirudia.

Wiki 4 kabla: levothairoksini, yaani vidonge vya homoni ya tezi, kwa wagonjwa wa saratani ambao daktari amewaambia waiache. Lengo ni TSH ipande ivuke 30, kwa sababu TSH ndiyo inayoamrisha mabaki ya tezi yanyake ayodini. Utachoka, utasikia baridi hata mwezi wa pili Dar es Salaam, utafunga choo, utasahau majina ya watu. Usiendeshe gari wala pikipiki ukifika hali hiyo. Kuna sindano inayopandisha TSH bila kuacha dawa, ila ni ghali na haipatikani kila mahali.

Siku 3 hadi 7 kabla: kabimazoli, kwa wagonjwa wa goita. Dawa hii huzuia tezi kutumia ayodini, kwa hiyo huachwa siku chache tu. Anayetumia propilthiourasili huenda akaambiwa aache mapema zaidi. Tafadhali sana: usiiache wiki tatu kabla kwa kudhani ndiyo uhodari. Homoni zitapanda, moyo utakwenda mbio, na unaweza kuishia wodi ya wagonjwa mahututi badala ya kitengo cha nyuklia. Siku kamili anasema daktari wako.

Usiiache kabisa, isipokuwa umeambiwa: propranololi. Hii inatuliza moyo na mikono inayotetemeka. Haina ugomvi na ayodini.

Jambo jingine la kukufanya uheshimu tarehe: dozi yako imeagizwa kwa jina lako. Haikai kwenye rafu kama panadoli. Hutengenezwa kwenye vinu vya nyuklia, kama SAFARI-1 kule Pelindaba, Afrika Kusini, ikasafirishwa kwa ndege huku inapungua njiani. Ukichelewa siku 8 imebaki nusu, ukichelewa 16 imebaki robo. Miadi ikikushinda, piga simu mapema, kabla haijaagizwa.

## Hatua ya 3: Itie tezi njaa

Hapa ndipo wasomaji wangu wanapoanguka zaidi, kwa sababu karatasi nyingi huandika "epuka vyakula vyenye ayodini" na kuishia hapo. Nani ameona ayodini kwenye sahani?

Kwanza swali la kuuliza: je, kituo changu kinataka mlo huu? Kwa saratani, karibu kila kituo kitakuambia ndiyo, wiki 1 hadi 2 kabla. Kwa goita, vituo vinatofautiana. Vingine vinataka mlo kamili, vingine vinakukataza tu vitu vyenye ayodini ya kupindukia.

Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za ayodini kwa siku. Kwenye mlo huu tunashuka chini ya 50. Adui mkubwa umo jikoni tayari: chumvi yenye madini joto. Madini joto ndiyo hiyo ayodini. Tanzania na Kenya sheria inataka chumvi ya kula iwekwe madini hayo, na ni sheria njema, imepunguza rovu na watoto waliodumaa akili. Lakini kwa wiki hizi mbili inakuharibia kazi.

Weka kando:

- Chumvi yenye madini joto na kila kilichopikwa nayo: mkate, maandazi ya dukani, chipsi za kando ya barabara, supu ya mgahawani, viungo vya mchuzi vya vipande na vya pakiti. Chakula cha hoteli chote, kwa kifupi. Mpishi akikuapia kwamba hakutia chumvi, mshukuru na usile.
- Vya baharini: samaki, kamba, pweza, ngisi, dagaa, na zaidi ya vyote mwani. Zanzibar siku hizi kuna sabuni, juisi na hata jemu ya mwani. Sabuni haina neno, juisi na jemu acha.
- Maziwa na jamii yake: mtindi, jibini, siagi, chai ya maziwa.
- Kiini cha yai. Ute mweupe unaruhusiwa.
- Soya.
- Vidonge vya vitamini na madini vyenye ayodini, na dawa au pipi zenye rangi nyekundu za kutengenezwa.
- Ile dawa ya vidonda ya kahawia inayotia doa nguo. Ni ayodini, na ngozi hufyonza. Safisha kidonda kwa maji na sabuni.

Watu huniuliza kuhusu chumvi ya mawe, kwa kuwa haijapita kiwandani. Usiikimbilie. Huenda imetoka baharini, na huwezi kujua nyingine imeongezwa nini kabla ya kufika sokoni. Kwa mazingira yetu ni rahisi kupika bila chumvi kabisa.

Na inaliwa. Asubuhi: chai ya rangi yenye tangawizi na asali, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha. Mchana: ugali au wali, mchicha wa kukaangwa na kitunguu saumu, nyanya na karanga zisizo na chumvi, kipande kidogo cha nyama mbichi iliyonunuliwa buchani na kukamuliwa limau. Jioni: ndizi za kupika kwa tui la nazi uliyokuna mwenyewe. Matunda kadiri upendavyo. Nilichogundua ni kwamba limau likiingia mwishoni, baada ya sufuria kuepuliwa, ulimi unadanganyika ukadhani kuna chumvi. Siku ya tatu nilizoea. Siku ya kwanza nilinuna.

Samaki wa maji baridi kama sato ana ayodini kidogo kuliko wa baharini, na vituo vingi humruhusu akiwa mbichi. Aliyekaushwa kwa chumvi, hapana.

Angalizo: mlo huu hauzidi wiki mbili bila ruhusa. Mzee, mwenye figo dhaifu, au anayemeza dawa za kukojoza maji anaweza kupungukiwa chumvi kwenye damu hadi akachanganyikiwa. Huyo apange mlo pamoja na daktari, si pamoja na mimi.

## Hatua ya 4: Mimba na kunyonyesha

Hapa hakuna mjadala. Mwenye mimba hapewi ayodini-131, kwa sababu inavuka hadi kwa mtoto, na tezi ya mtoto ikishaanza kufanya kazi tumboni nayo itainyaka na kuungua. Utapimwa mimba siku hiyo hata ukisema umefunga kizazi. Usikasirike.

Anayenyonyesha anatakiwa aache angalau wiki 6 kabla, na asirudi kumnyonyesha mtoto huyo. Sababu ni mbili: ayodini hutoka kwenye maziwa, na titi lenye maziwa hukusanya mionzi. Kuacha siku tatu kabla hakusaidii. Titi bado limejaa. Mtoto ajaye utamnyonyesha kama kawaida. Kama mtoto wako ni mdogo sana, mwombe daktari aendelee kukutuliza kwa vidonge hadi umwachishe kwa utaratibu. Goita nyingi zinaweza kusubiri.

Baada ya tiba, wanawake wanashauriwa wasishike mimba kwa miezi 6, na wanaume wasitie mimba kwa takriban miezi 4. Panga njia ya uzazi kabla, maana baada ya kumeza kidonge utakuwa na mambo mengine ya kuwaza.

## Hatua ya 5: Panga nyumba kabla hujaondoka

Maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba yake, choo chake cha ndani na mashine ya kufulia. Sisi wengine tunakaa nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, na kamba ya nguo ya wote. Inawezekana, ila upange.

*Chumba.* Utalala peke yako. Kitanda cha mwenzako kikiwa upande wa pili wa ukuta mwembamba, sogeza vichwa vitazame pande tofauti. Umbali ndio ngao: ukitoka mita 1 hadi mita 2, mionzi inayomfikia mwenzako inashuka hadi robo.

*Watoto na wajawazito.* Wahamie kwa bibi au shangazi, ama uhame wewe. Mtoto wa miaka miwili haelewi "usinikaribie", naye ndiye anayependa kulala shingoni, pale pale kwenye mionzi. Kituo kitakuandikia siku zako. Kwa watoto wadogo tegemea kitu kama wiki 1 hadi 3.

*Choo.* Ayodini ambayo tezi haikuinyaka hutoka zaidi kwa mkojo, nyingi ndani ya siku 2 za kwanza. Cha kuvuta maji, vuta mara mbili. Cha shimo, mwaga ndoo nzima taratibu kuzunguka tundu. Mwanamume akojoe amechuchumaa au ameketi, asirushe matone. Nawa mikono kwa sabuni kila mara. Ukifanya hivyo, choo cha pamoja hakina hatari kwa wapangaji, na huna haja ya kutangaza ugonjwa wako uani.

*Wageni.* Hili halimo kwenye karatasi yoyote niliyowahi kupewa, na ndilo gumu kuliko yote. Ukitoka hospitali, ukoo unakuja kukupa pole. Watakaa kitandani mwako, watakushika shingo waone uvimbe, watakuletea mjukuu umbariki. Tuma ujumbe siku mbili kabla: "Daktari ameniwekea siku za kupumzika, karibuni kuanzia tarehe fulani." Tarehe iwepo. Bila tarehe watakuja kesho. Atakayefika hata hivyo, mpe kiti mlangoni, msalimiane, dakika chache, aende. Kupeana mkono si sumu. Kukaa saa tatu bega kwa bega ndiko tunakokuepuka.

Msiba nao ukitokea, tuma mchango. Wiki ya kwanza si ya kukaa kwenye mkeka na watu.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Usile saa 2 kabla, au muda ulioandikiwa. Maji unaweza kunywa. Tumbo tupu hufyonza haraka, na hupunguza uwezekano wa kutapika.

Watakuuliza upya kila kitu: dawa, CT, mimba. Sema kweli hata kama utarudishwa. Kisha utasaini, utaletewa chombo kizito cha madini ya risasi, ndani yake kikopo, ndani yake kidonge cha kawaida kabisa. Mhudumu atasimama mbali kidogo. Usimwone ana dharau. Yeye hushika dozi kila wiki, wewe unaimeza mara moja.

Meza nzima kwa maji, usitafune. Hakuna maumivu, hakuna joto, nywele hazitoki. Hii si kemo. Subiri saa 1 hadi 2 kabla ya kula.

Angalizo: ukitapika ndani ya saa chache za kwanza, usifute na kuondoka kimya kimya. Mwite mhudumu. Matapishi yana mionzi, na dozi yako huenda imepotea.

Kabla hujatoka, dai barua yenye jina la dawa, dozi na tarehe. Kurudi nyumbani, gari la mtu mmoja ni bora, wewe ukae nyuma upande wa pili wa dereva. Daladala ya nusu saa si msiba. Basi la usiku mzima, kiti kimoja na mama mwenye mtoto, hapana. Lala mjini kwa ndugu asiye na watoto, kama kituo kimekuruhusu, usafiri baadaye.

## Hatua ya 7: Siku za kwanza nyumbani

Kunywa maji, lita 2 hadi 3 kwa siku kwa siku mbili tatu, isipokuwa una ugonjwa wa moyo au figo uliokuwekea kipimo. Kojoa mara kwa mara, usibane. Choo kikubwa nacho kiende kila siku, papai husaidia. Oga kila siku, maana ayodini hutoka pia kwenye jasho na mate.

Osha vyombo vyako peke yake, kwa maji mengi. Nguo na shuka zako fua kando, kisha zianike kokote. Usimkandie mtu unga wa chapati, usionje mchuzi kwa kijiko na kukirudisha sufuriani, usibusu. Pedi na tishu ziingie kwenye ndoo yenye kifuniko, na usiziruhusu zichezewe na kuku au mbwa.

Shingo inaweza kuuma kidogo kama mafindofindo. Parasetamoli inatosha. Wenye dozi kubwa wanaweza kukaukwa mate au kusikia ladha ya chuma mdomoni. Fuata ulichoelekezwa kuhusu pipi za limau.

Rudi hospitali bila kusubiri asubuhi ukiona: moyo unakwenda mbio hata umelala, homa kali, kuchanganyikiwa, kuhara na kutapika mfululizo, au shingo kuvimba hadi pumzi inakuwa nzito. Mwenye Graves akiona macho yanazidi kutokeza, kuuma au kuona viwili viwili, naye aende. Na anayevuta sigara aache kabla ya kidonge, kwa sababu sigara huzidisha tatizo hilo la macho.

Hatua imekaa sawa ukifika mwisho wa siku ulizoandikiwa na hakuna kilichokutokea cha kusimulia. Tiba hii ikienda vizuri haina hadithi.

## Hatua ya 8: Safari na mashine za uwanja wa ndege

Wasomaji wanaokwenda Muscat na Dubai, hili ni lenu. Mashine za kugundua mionzi ni kali kuliko mwili wako ulivyo hatari, na zinaweza kulia hadi miezi 3 baada ya kidonge. Beba ile barua kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Ikilia, simama, toa barua, eleza.

## Hatua ya 9: Kupima damu, ambako watu wanapotelea

Ayodini haifanyi kazi siku ile. Seli hufa polepole. Wengi huanza kuona nafuu kati ya wiki 6 na miezi 3, na huwezi kusema dozi imeshindwa kabla ya miezi 6. Kwa hiyo anayeandika wiki ya pili, "bado natetemeka, nimetapeliwa", namwambia ameze propranololi yake na asubiri.

Damu ipimwe wiki 4 hadi 6 baada ya kidonge, kisha irudiwe kila wiki 4 hadi 6 hadi itulie. Mwanzoni tazama T4 huru zaidi ya TSH. TSH inaweza kubaki chini kwa miezi hata baada ya homoni kushuka, ikakudanganya.

Hatimaye, kwa wagonjwa wengi, tezi inalala kabisa. Unaanza kunenepa, kusinzia, kusikia baridi. Hilo halimaanishi kwamba tiba imekosea. Kwa ugonjwa wa Graves ndilo daktari analolitegemea, kwa kuwa homoni kidogo hutibika kwa kidonge kimoja kwa siku, lakini homoni nyingi humaliza moyo na mifupa. Asiyeenda kupima ndiye anayekaa miaka miwili akidhani amelogwa au amezeeka.

Levothairoksini humezwa tumbo tupu kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na mbali na vidonge vya chuma na kalsiamu kwa saa 4. Mwezi wa Ramadhani wengine huimeza nusu saa kabla ya daku, wengine usiku wakati wa kulala, saa kadhaa baada ya chakula. Chagua moja usibadilishe, na umwambie daktari. Ukishika mimba, pima TSH mara moja, maana dozi karibu kila mara huhitaji kupandishwa.

Ikishatulia, kipimo ni mara moja kwa mwaka, maisha yote. Mimi nimekifunga na tarehe ya kulipa ada za shule mwezi wa Januari, kwa sababu hiyo siisahau hata nikitaka.